Kukoroma, Presha na Njia ya Wesha

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Wete, mwanamume mwenzangu mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini kama mimi. Aliniuliza: "Mwalimu, tangu nianze kutembea asubuhi nimepata nguvu, na ile mashine ya kupumulia nimeifungia kabatini. Nimekosea?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba aitoe usiku uleule. Jawabu refu ndilo hili, na aniwie radhi nikianza na habari zangu.

Kwa miaka minne nilimeza vidonge vya presha, kwanza aina moja, kisha mbili, kisha tatu, na kipimo hakikushuka chini ya 160 kwa 100. Kila nilipokwenda kupimwa niliambiwa nipunguze chumvi. Niliipunguza hadi mchuzi wa pweza ukawa kama maji ya kuoshea vyombo, na bado nilitazamwa kama mtu anayeficha jambo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninalala vipi, na sitaficha kwamba hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu jawabu lilikuwa likinguruma kila usiku nyumbani kwangu Machomanne na majirani walikuwa wakilisikia. Wenzangu katika chumba cha walimu walinigeza ninavyokoroma kitini, nami nikacheka nao. Mke wangu hakucheka. "Baba Nassor," aliniambia alfajiri moja, "usiku unanyamaza mpaka nakuhesabia. Leo nimefika thalathini ndipo ukashtuka." Ni yeye aliyeyagundua maradhi yangu, kipimo cha usingizi nilichokwenda kufanyiwa Dar es Salaam kiliongeza tarakimu tu, yaani pumzi hukatika mara 38 kwa saa, ilhali kuanzia 30 huhesabiwa kuwa hali kali.

Koo linapoziba, oksijeni hushuka, mwili hudhani unakabwa, ukamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na mishipa ya damu ikajikaza. Pumzi inaporudi, oksijeni hurejea kwa ghafla na kuzalisha kemikali kali zinazoiharibu naitriki oksaidi, gesi inayotolewa na utando wa ndani wa mshipa ili mshipa utanuke. Waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, nami nimesomesha baiolojia miaka yote hiyo bila ya kufikiri kwamba inanihusu. Yakitokea hayo mamia ya mara kila usiku, mshipa hupoteza wepesi wa kulegea hata mchana, na presha, ambayo kwa mtu mzima wa afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 akiwa usingizini, hubaki juu usiku kucha.

Kutembea kwa haraka hufanya kinyume chake. Damu hupita kwa kasi na kuusugua utando ule, na msuguo huo ndio unaouchochea utoe gesi zaidi. Kwa hiyo baada ya sala ya alfajiri nikaanza kushika njia ya Wesha, siku tano kwa wiki. Wiki tatu za mwanzo sina la kusimulia isipokuwa magoti. Kisha nikaona jambo dogo: ile alama ya soksi iliyokuwa ikichimbika juu ya kifundo cha mguu kila jioni ilianza kufifia. Maji yanayotuama miguuni mchana hupanda shingoni mtu akilala na kulibana koo, na misuli ya mashavu ya miguu inapofanya kazi huyasukuma yarudi mapema. Uzito wangu umepungua kilo mbili tu, jambo linalowachekesha wenzangu, lakini mwezi uliopita nilipimwa 132 kwa 84, na daktari mwenyewe akaniondolea aina moja ya dawa. Kipimo nilikitia mfukoni nikakipeleka chumba cha walimu. Safari hii hakuna aliyenigeza.

Ila ndugu zangu, tusidanganyane. Mazoezi hupunguza idadi ya kukatika pumzi hata bila ya kukonda, lakini mtu wa hali kali hayammalizii. Mashine ile, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan mjini Sydney na kutangazwa mwaka 1981, husukuma hewa ili koo lisizibe, na hakuna mwendo wa asubuhi utakaoifanya kazi hiyo saa nane ya usiku. Wala kukimbia tarehe 1 Januari, siku yetu ya mazoezi hapa Zanzibar, ukapiga picha na fulana mpya, kisha ukarudi barazani hadi Januari nyengine, hakuusaidii mshipa kitu. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, kila wiki, kwani faida hiyo ikiachwa hupotea.

Na wewe ndugu yangu wa Wete, kabla ya kuniandikia tena kwamba una nguvu, muulize mkeo jana usiku alihesabu hadi ngapi.