Jibu: Kumtafuta babu aliyekuwa kasisi na mwalimu wa theolojia

Salaam, ndugu yangu wa Malindi. Umeuliza uanzie wapi kuandika maisha ya babu wa mama yako, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha theolojia, ilhali unayo picha moja tu iliyoandikwa "Frere Town, 1928".

Anza na mwaka huo. Chuo cha makasisi kilianzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930; basi usimalize nauli ya Limuru kabla ya kuuliza Mombasa. Mimi nilipomtafuta mzee wetu nilikuta tarehe mbili za kuwekwa wakfu, nikadhani nimepata watu wawili, kumbe ya kwanza ilikuwa ya ushemasi, daraja linalotangulia ukasisi, na ya pili ya ukasisi wenyewe. Kisha omba kuona vitabu vya ubatizo na ndoa, kwani sahihi ya kasisi huonyesha alihudumu wapi, mwaka gani.