Baba ana manjano, ami zangu hawataki adungwe ini

SWALI: Asalam aleikum daktari. Baba ana miaka 68, macho yamegeuka manjano tangu mwezi uliopita, mkojo kama chai ya mkandaa na anajikuna usiku kucha mpaka shuka lina damu. Mombasa walisema ana uvimbe kwenye kongosho umeziba mrija wa nyongo, kamera ya mdomoni ilishindikana, sasa wanataka kumdunga ini wamtilie mpira. Ami zangu wanasema ini likitobolewa mtu hutoka damu akafa, tumerudi nae nyumbani. Tufanyeje?
Binti, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Ami zako wana haki kuogopa damu, hatari ipo, na sababu yake ni hii: nyongo isipofika utumboni mwili haupati vitamini K vizuri, na bila hiyo damu haigandi. Ndo maana kabla ya kudungwa hupimwa damu na ikibidi anachomwa hiyo vitamini. Waulizeni wazi wazi kama hayo yamefanywa, na kama mzee anameza aspirini semeni.

Kupasuliwa hakuna hapo. Anachomwa ganzi ubavu wa kulia, daktari anatazama kwa ultrasaundi na eksirei, anapitisha sindano nyembamba mpaka aupate mrija uliojaa, halafu waya, halafu mpira unaufuata ule waya, na hapo mtaona nyongo inachuruzika kwenye mfuko. Kuwashwa hupungua siku chache tu, macho yatachukua wiki kadhaa msikate tamaa. Uvimbe wenyewe mpira hautibu, nakwambia mapema, lakini dawa nyingi za saratani hapewi mtu akiwa manjano hivyo, lazima njia ifunguliwe kwanza.

Mkirudi nae angalieni sana pale Mokowe kwenye kupanda boti, mpira ukinasa ukavutwa unachomoka. Mfuko ukae chini ya ubavu, andikeni kila siku umejaa kiasi gani, na mpira hubadilishwa kila miezi 2 au 3 hivi.

Ila akipata homa na kutetemeka, hata iwe leo kabla ya mpira, msingoje kupambazuke! Hiyo ni nyongo imeingia vijidudu na inaua haraka, mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu waanze antibayotiki ya mshipa, Mombasa mtaenda dawa ikiwa tayari mwilini.