Vumbi la Goma halipanguswi kavu

Mmeuliza wiki hii: kosa gani lilikufundisha kutunza gari lako? Langu lilikuwa kitambaa kikavu.

Naendesha taksi hapa Goma, gari jeusi. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nilikuwa napangusa vumbi kwa kitambaa hadi ling'ae. Siku moja jua la saa nne likapiga kwenye kapo, yaani boneti, nikaona mikwaruzo myembamba imejizungusha kama utando wa buibui. Nikalaumu rangi. Fundi akachota vumbi kidogo mlangoni, akalisugua kati ya kucha mbili karibu na sikio langu. "Papa, sikiliza." Lilikuwa linakwaruza kama chupa iliyosagwa.

Na kweli ni kioo. Lava ikipoa upesi, ngozi yake hugeuka kioo. Mawe yaliyoshuka kutoka volkano yetu ya Nyiragongo Januari 2002 tumeyaponda, tumeyajengea, tumeyamwaga barabarani, na matairi yanaendelea kuyasaga kila siku.

Sasa maji ndiyo yanatangulia. Naanza juu ya paa, namwaga bila kugusa, bidoni, yaani dumu, nzima ya lita 20, mpaka yanayoshuka yawe meupe. Ndipo sabuni. Ya unga ya kufulia nimeiacha, inakula nta. Natumia shampuu ya gari. Ndoo ni mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji. Ukimaliza, inamisha hiyo ya pili uone mchanga mweusi uliotulia chini. Huo wote ungepita juu ya rangi yako. Magurudumu yana sponji yao.

Siingizi gari ziwani. Kina mama wanachota maji ya kunywa palepale. Tena maji ya Kivu yana magadi. Yakikaukia juani yanaacha madoa meupe, kwa hiyo hata ya bidoni nayafuta mara moja kwa kitambaa safi chenye unyevu.

Nta napaka kila miezi mitatu, kivulini, bati likiwa limepoa, tabaka jembamba, kipande kwa kipande. Moshi wa volkano hutia mvua yetu asidi, na bila nta inaila rangi moja kwa moja.

Mikwaruzo ya zamani bado ipo. Fundi alisema kuisugua mpaka iishe ni kupunguza rangi, nimeiacha. Kijana anayenipokea zamu jioni namwekea bidoni iliyojaa. Kile kitambaa kikavu nimekitoa garini.