Waulize Wajuzi: Kandili za Yuyuan

Toleo hili tunajibu maswali kuhusu tamasha la kandili la bustani ya Yuyuan, katika mji mkongwe wa Shanghai. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Wenzangu chuoni kila mmoja ananitajia tarehe yake. Tamasha hasa ni lini, na niende siku gani? (Mwanafunzi, Shanghai)

Wenzako wote huenda wako sahihi, kila mmoja kwa mwaka wake. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, kwa sababu mwezi wake wa kwanza kwa kawaida huanza na mwezi mwandamo wa pili baada ya ule usiku mrefu kuliko wote wa Desemba. Sikukuu yenyewe ya kandili, Yuanxiao, ni siku ya 15 ya mwezi huo, mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo, mwaka 2026 mwaka mpya ni 17 Februari na Yuanxiao ni 3 Machi. Mwaka 2027 ni 6 na 20 Februari. Mwaka 2028 ni 26 Januari na 9 Februari. Taa za Yuyuan lakini huwashwa mapema zaidi, wiki kadhaa kabla ya mwaka mpya.

Usiende siku ya 15. Tunajua ndiyo siku yenyewe, ndiyo inayopigwa picha, na ndiyo maana tunakuambia usiende. Chagua jioni ya siku ya kazi kabla ya mwaka mpya. Kandili ni zile zile, na wakazi wengi wa Shanghai waliotoka mikoani wanakuwa wameshapanda treni kwenda kwao.

Msomaji Muislamu aangalie jambo jingine: katika miaka hii mitatu, 2026 hadi 2028, Ramadhani na mwaka mpya wa Kichina vinaanza kwa kupishana siku chache tu, hivyo usiku wa kandili unakuta mfungo umefika katikati. Baada ya hapo vinaachana. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ilhali Wachina huongeza mwezi wa 13, mara saba katika kila miaka 19, ili sikukuu zao zisitoke kwenye majira yake. Shanghai wakati huo jua huzama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni, saa ambayo taa nazo zinaanza kupendeza. Beba tende na maji. Barabara ya Fuyou, inayopita kando ya bustani, ina msikiti wa siku nyingi. Ufuturu na kuswali huko kwanza, kisha uingie.

Nilinunua tiketi ya bustani, nikatolewa saa kumi na moja kabla taa hazijawaka. Nimeibiwa? (Msomaji, Hangzhou)

Hukuibiwa, ulinunua tiketi ya kitu kingine. Jina Yuyuan linabeba vitu viwili. Kuna bustani yenyewe, kama hekta mbili ndani ya ukuta, aliyoanza kuijenga Pan Yunduan mwaka 1559 kwa ajili ya baba yake mzee na kuimaliza 1577. Hiyo hufungwa jioni, na Jumatatu kwa kawaida haifunguliwi. Halafu kuna soko lililoizunguka, lenye mapaa yaliyopinda, pamoja na kidimbwi na daraja la kona tisa. Kandili nyingi ziko huko sokoni na juu ya maji. Siku za kilele eneo hilo nalo huwekewa tiketi yake ya jioni, ambayo hununuliwa kwa simu na huenda ukatakiwa kuandika namba ya pasipoti.

Vyote viwili vinawezekana kwa siku moja: ingia bustanini saa nane mchana, utafute jiwe liitwalo Yu Linglong, refu kuliko mtu na lililojaa matundu (wenyeji husema ukichoma ubani chini yake, moshi hutokea kila tundu), kisha utoke sokoni kabla giza halijaingia. Bustani bila jiwe hilo ni nusu safari.

Nataka kumpeleka mtoto wa miaka mitano. Naogopa lile daraja. (Mama, Shanghai)

Mama, hofu yako ina msingi. Tarehe 5 Februari 2004, usiku wa kandili, watu 37 walikufa kwenye daraja la bustani moja ya umma wilaya ya Miyun, Beijing. Tarehe 31 Desemba 2014, watu 36 walikufa kwa kukanyagana pale Bund, ufukweni mwa mto, mwendo mfupi tu kutoka Yuyuan. Tamasha la kandili lililofuata, la 2015, likafutwa.

Daraja lina hatari ya peke yake. Kila mtu hutaka kusimama katikati, penye mandhari. Wanaopanda hawaoni kuwa mbele pamesimama. Na mikondo miwili ikikutana, hakuna pembeni pa kutokea. Daraja la Yuyuan ni bapa, ila kona zake zilikusudiwa kumpunguza mtu mwendo ili kila pindo limpe sura nyingine ya maji. Kwa matembezi ya asubuhi hilo ni jambo la raha. Kwa maelfu ya watu usiku, kila kona ni kizuizi. Siku za msongamano huelekezwa kwenda upande mmoja tu, nawe ufuate hata kama unachokitaka kiko nyuma yako.

Vuka daraja kabla jua halijazama, kisha utazame taa ukiwa ukingoni mwa kidimbwi. Penye msongamano mbebe mtoto kifuani, wala usimweke mabegani: akiwa juu unapoteza mizani, ukisukumwa mnaanguka wote. Mfukoni mwake tia karatasi yenye namba yako ya simu na jina lako kwa Kichina. Ukianza kuguswa na watu mabega yote mawili kwa pamoja, hapo ndipo pa kuondoka, usingoje zaidi. Umati ukikubana, weka mikono mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, usishindane na wimbi, sogea kimshazari kila likitulia. Simu ikianguka, iache.

Kituo cha treni cha Yuyuan, njia namba 10 na 14, treni huweza kukipita bila kusimama watu wakizidi. Jua mapema kituo cha jirani utakachorudi nacho kwa miguu. Na baridi yake ni ya unyevunyevu, inaingia hadi mifupani. Mtoto avae nguo nyepesi nyingi, asivae koti moja zito.

Shule yetu ina siku ya utamaduni wa China. Tunataka kutengeneza kandili za sungura zenye magurudumu, lakini za mwaka jana zililegea na moja iliungua. (Mwalimu, Nairobi)

Mwalimu, kandili ya sungura inayoburuzwa kwa kamba ndiyo hasa ya watoto wa Shanghai, mmechagua vizuri. Kwa sungura mmoja mnahitaji fito za mianzi za unene wa milimita 3 hivi, waya mwembamba wa kufungia, karatasi nyeupe nyembamba ya tiara, gundi ya unga, vijiti viwili bapa vya sentimita 30, na magurudumu manne ya mbao ya sentimita 5.

Lowekeni fito usiku kucha. Pindeni polepole juu ya joto la mshumaa, mkikwepa mafundo ya mwanzi, kwa sababu huvunjika hapo. Tengenezeni duara mbili za mviringo wa yai, urefu sentimita 30 na upana 20, mzipitishe moja ndani ya nyingine kwa pembe mraba, mfunge zinapokutana kichwani na mkiani. Zungushieni pete ya kipenyo cha sentimita 20 tumboni, na ndogo mbili pande zake. Kichwa hufuata mtindo huo huo kwa sentimita 12, na masikio ni vitanzi viwili. Kabla ya kubandika karatasi, likalisheni fremu juu ya vijiti na magurudumu mulivute sakafuni. Likiyumba sasa, litapinduka uwanjani.

Za mwaka jana zililegea, tunavyodhani, kwa sababu mlipaka gundi karatasi nzima. Gundi (kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vitano vya maji, ipikwe hadi iwe uji mzito) hupakwa kwenye ufito tu. Kateni kipande cha karatasi kwa kila uwazi, kizidi sentimita moja kila upande, wala msijaribu kufunika mwili wote kwa karatasi moja, maana itakunjamana penye mviringo. Ikikauka kabisa, inyunyizieni ukungu mwembamba wa maji kwa chupa ya kupulizia. Inapokauka mara ya pili hujikaza. Manyoya ni mikanda ya karatasi ya upana wa sentimita 3, iliyochanwachanwa kwa sentimita 2, ibandikwe kuanzia mkiani kwenda kichwani ili kila mkanda ufunike gundi ya uliotangulia.

Mshumaa achaneni nao. Kandili inayobebwa mkononi ikiwa na tundu pana juu huweza kuuvumilia, lakini hii inaburuzwa chini na mtoto anayekimbia, ikipinduka mwali unagusa karatasi mara moja. Tumieni taa ndogo ya LED ya betri, yenye mwanga wa manjano. Ile nyeupe ya baridi humfanya sungura aonekane mgonjwa. Ifungeni katikati ya mwili na kuizungushia kipande cha karatasi, la sivyo mtaona nukta moja kali badala ya mwili mzima unaong'aa. Mafundi wa zile kandili kubwa za Yuyuan, za fremu ya chuma na kitambaa cha hariri, nao huhangaika na jambo hilo hilo: balbu zisikae karibu mno na kitambaa, na zigawanyike sawasawa.

Vile vidonge vyeupe vyenye ufuta ndani vinapikwaje? Na ni halali? (Msomaji, Mombasa)

Vinaitwa tangyuan, na tuanze na la pili: vya kiasili mara nyingi si halali. Kiini cha ufuta mweusi huchanganywa na mafuta ya nguruwe, kwa kuwa huganda vizuri na kuyeyuka mdomoni. Ukiwa China tafuta maandishi 清真 (yaani halali) kwenye pakiti au mlango wa mkahawa. Vile vitumbua vya mvuke maarufu vya mkahawa wa Nanxiang, vinavyopangiwa foleni karibu na daraja, huwa vya nguruwe.

Nyumbani, kwa vidonge 20: kaanga gramu 100 za ufuta mweusi bila mafuta, moto mdogo, dakika tano hivi, ukikoroga bila kuacha, ukiungua unakuwa mchungu, na kwa kuwa ni mweusi hutauona, utausikia kwa harufu tu. Usage, uchanganye na gramu 60 za sukari na gramu 60 za siagi au mafuta ya nazi, ugawe vidonge vya gramu 10, ugandishe kwenye friza. Kwa joto la Mombasa mafuta ya nazi huyeyuka upesi, basi toa vitano vitano.

Donge ni gramu 200 za unga wa mchele wa kunata na karibu mililita 160 za maji ya uvuguvugu, ukikanda hadi liwe laini kama ndewe ya sikio. Unga wa mchele wetu wa kawaida haufai, hauna ule mnato, utamomonyoka sufuriani. Ulizia nuomifen kwenye maduka ya Wachina. Donge likipasuka unapolikunja, ni kavu: chota kipande cha gramu 20, kichemshe mpaka kielee, kisha ukikande tena ndani ya donge. Huo ndio ufundi wenyewe, mengine ni mazoea.

Zungushia kila kiini gramu 18 za donge, ukikamua hewa. Hewa ikibaki ndani, kidonge hupasuka kikichemka. Tia kwenye maji yanayochemka, sukuma taratibu kwa mgongo wa mwiko visigande chini. Vikielea, mimina nusu kikombe cha maji baridi, ngoja vichemke tena dakika mbili. Kiini kinabaki na moto mkali kwa muda, na donge lenyewe hunata kooni: watoto wadogo na wazee wakatiwe vipande.

Vikaratasi vinavyoning'inia chini ya kandili vimeandikwa nini? (Msomaji, Dodoma)

Vitendawili. Anayejua jibu hulipeleka kwenye meza ya waandaaji, akipatia hupewa zawadi ndogo. Kila karatasi ina fumbo pamoja na kidokezo cha aina ya jibu, mathalani "herufi moja". Mfano mwepesi: "moja jumlisha moja, herufi moja". Jibu si mbili. Weka 一, chini yake alama ya kujumlisha, chini yake 一 nyingine, unapata 王, mfalme.

Simba na joka wa ngoma za Kichina natofautishaje? (Msomaji, Bujumbura)

Hesabu miguu. Simba ni watu wawili waliofunikwa na vazi moja, mmoja kichwa, mmoja mgongo. Joka hubebwa juu kwa miti, mara nyingi na watu tisa au zaidi, na wachezaji wake unawaona wazi. Simba akila majani ya saladi yaliyoning'inizwa mlangoni mwa duka kisha akayatema, ni baraka ya biashara, na ndani ya majani mna bahasha nyekundu ya pesa kwa wachezaji. Usisimame mbele yake wakati huo, majani hutupwa kwa nguvu.