Kukuza picha ya harusi ya wazee iwe ya ukutani: pima uso kabla ya kupima ukuta

Dada, umesema picha ya harusi ya wazazi wako ni ile ndogo ya albamu, sentimita 9 kwa 13, unataka ifike 60 kwa 90 kwenye kanvasi juu ya kochi, na dukani wamekwambia uwatumie kwa WhatsApp. Usiwatumie bado. Kazi yangu hapa Mombasa ni kutengeneza picha kuukuu za watu kabla hazijaenda kusafishwa (yaani kuchapishwa), na nyingi ninazoletewa zikiwa zimeharibika ziliharibikia kwenye simu ya mwenyewe. Mashine ya dukani husafisha kile ilichopewa.

Chukua rula upime uso wa mamako kwenye hiyo picha, sikio hadi sikio. Watu hupima karatasi, mimi hupima uso, kwa sababu ndio utakaotazamwa. Kama ni picha ya wawili wamesimama studio, utapata sentimita moja hivi. Kama ni ile ya ukoo mzima umejipanga barazani, utapata milimita nne, pengine tatu. Karatasi ya picha za zamani kwa kawaida haibebi undani unaozidi nukta 300 kwa inchi sana, kwa hivyo uso wa milimita nne una nukta kama 47 tu za kugawana macho, pua, mdomo na ushungi. Hapo hata fundi awe nani, hana cha kukuza. Uso wa sentimita moja una nukta kama 118, angalau kuna pa kuanzia.

Kutoka 13 hadi 90 ni kuvuta karibu mara saba. Kwa maoni yangu ni nyingi mno kwa picha ya albamu. Kama ukuta ni mkubwa na unataka ujae, chukua picha yenye urefu wa sentimita 45, kisha mwambie fundi wa fremu aizungushie karatasi ngumu nyeupe yenye upana wa sentimita 15 kila upande. Fremu itafika sentimita 75 na ukuta utajaa, na nyuso zitabaki nyuso. Pia ile karatasi huizuia picha isiguse kioo, na kwa joto la huku picha inayogusa kioo huishia kugandana nacho.

Kabla ya yote hayo, tafuta negetivu, ile filamu picha ilikotolewa. Zamani baadhi ya studio zilikuwa zikikupa picha na negetivu ndani ya bahasha moja, na wazee wetu hawatupi bahasha. Angalia kwenye sanduku la hati za nyumba, chini ya vyeti. Negetivu ya kawaida ya milimita 24 kwa 36 ikiskaniwa kwa dpi 3200 (nukta kwa kila inchi) hukupa kama pikseli 4500 kwa 3000, tena zenye undani wa kweli ambao karatasi haikuwahi kuubeba. Ukiipata, ile 60 kwa 90 uliyoitaka inaanza kuzungumzika. Zile za mraba za sentimita 6 kwa 6 ni bora zaidi. Ukifungua bahasha ukasikia harufu ya siki, jua plastiki imeanza kuoza. Iskani upesi na uitenge na wenzake.

Negetivu ikikosekana, utaskani karatasi yenyewe. Ifute vumbi kwa brashi laini kavu, bila maji na bila mate (nimeona mtu akitia mate!). Weka dpi 600 au 1200, rangi kamili, na uhifadhi kwa faili ya aina ya TIFF au PNG, kwa sababu JPEG hupoteza kidogo kila unapoifungua, kuigusa na kuihifadhi tena. Kwa dpi 600 upande wako wa sentimita 13 utatoa pikseli kama 3070, na zikitandazwa kwenye sentimita 45 unapata kama 170 kwa inchi. Kwa picha inayotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, hizo zinatosha.

Kama picha imegandana na kioo cha fremu yake, usiibandue. Iskani na kioo chake. Kama iko kwenye albamu ya kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole. Ikikataa, iache hapo hapo, skani ukurasa mzima.

Kuna karatasi moja ilipendwa sana na studio miaka ya 70 na 80, ile yenye vijishimo juu yake. Ukiiskani, uso mzima wa bibi harusi hutoka kama sega la nyuki. Dawa yake ni kuiskani mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza kichwa chini, kisha unazilaza moja juu ya nyingine kwenye programu ya kuhariri, ya juu ikiwa na uwazi wa nusu. Vivuli vya vijishimo vinakuwa vimeelekea pande tofauti na hufutana kwa kiasi kikubwa. Asiye na skana ailaze picha mezani barazani, kivulini, bila flashi, simu iwe sambamba kabisa na karatasi. Usitumie zile programu za simu za kuskani risiti na vitambulisho, hukoleza nyeusi na kuua vivuli vya usoni.

Sasa kuondoa madoa na kurekebisha rangi. Picha nyeusi na nyeupe iskani kwa rangi vivyo hivyo. Programu za kuhariri hukuruhusu kutenganisha nyekundu, kijani na bluu. Doa la manjano la unyevu huonekana jeusi kwenye bluu na karibu litoweke kwenye nyekundu. Tumia ile ya nyekundu, umejiokolea jioni nzima ya kufuta madoa kwa mkono. Picha za rangi zilizogeuka nyekundunyekundu ni kwa kuwa rangi ya samawati imekufa kabla ya wenzake, na hurudishwa kwa kusawazisha kila rangi peke yake. Watu hupima weupe kwa kanzu ya bwana harusi. Ni sawa, ila muulize mzee kwanza, kwani kanzu nyingine za harusi zilikuwa za rangi ya maziwa tangu siku ya kwanza, na ukizilazimisha ziwe nyeupe pe ngozi za watu wote zitageuka kijivu.

Hapa ndipo nisipoelewana na wengi: programu za akili bandia za "kurudisha" nyuso. Mteja mmoja aliniletea picha ya harusi ya mamake ambayo mpwawe ameshaipitisha huko. Ilikuwa kali kama ya jana. Kipini cha pua hakipo. Kikuba cha asumini kifuani kimegeuzwa kipande cha lesi. Midomo, ambayo kwenye karatasi ilikuwa imefumbwa kwa haya za bibi harusi, imefunguliwa kidogo na kutiwa meno. Dadake mkubwa alipoonyeshwa akauliza, "Huyu nani?" Programu hizo hazina habari za mamako, zinajua nyuso za watu wengine, basi panapokosekana nukta zinajaza kwa nyuso hizo. Zitumie kufuta mikwaruzo ya ukuta wa studio au pazia nyuma yao ukipenda. Uso usiguswe. Uso laini wenye ukungu kidogo ni wa mamako, na ule mkali ni wa mtu mwingine.

Ukishamaliza, kata kipande cha uso peke yake kwa ukubwa uleule kitakavyokuwa ukutani, ukisafishe kwenye karatasi ya picha ya A4, ukibandike juu ya kochi na utazame usiku kwa taa ya sebuleni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kanvasi nzima. Kwa kawaida utakuta ni giza kuliko ulivyoona kwenye simu, kwa sababu simu ina mwanga wake na karatasi haina. Ongeza mwanga kidogo, ndipo upeleke. Peleka kwa flashi diski, au kama ni lazima WhatsApp, itume kama faili. Ikipita kama picha ya kawaida inabanwa, na kazi yote hii imekwenda.

Ukishikilia kanvasi, kumbuka sentimita tatu hadi tano za kila upande huzunguka mbao na kuingia nyuma. Mjomba aliyesimama ukingoni atakunjwa begani. Waambie waongeze ukingo kwa kurudufisha mandhari. Wakati wa mvua kanvasi hulegea, kwa hivyo ulizia kama pembe zina kabari za kuikazia.

Mahali pa kuitundika mtaamua wenyewe nyumbani, maana kuna wasiotaka picha upande wa kibla, na picha ya bibi harusi bila ushungi wengi huiweka chumba cha ndani. Nitakalosema ni kwamba ukuta wa nje wa mawe ya matumbawe, kama nyumba yenu ni ya Mji wa Kale, hunyonya maji masika nzima na kuvu huanzia nyuma ya fremu. Chagua ukuta wa ndani, bandika vipande vya mpira kwenye pembe mbili za chini ili hewa ipite, na usipige msumari kwenye plasta ya chokaa. Toboa kwa drili, tia plagi na skrubu isiyoshika kutu. Picha yenyewe ya asili usimwachie fundi wa fremu hata kwa "kuangalia rangi tu". Mpe nakala.