Mabaka meupe kwenye nyuso za wanawake wa hariri

SWALI: Shikamoo mama. Marehemu baba alifanya kazi TAZARA, na mhandisi mmoja wa Kichina akamzawadia picha ya hariri yenye kijiti juu na chini, inayokunjwa kama jamvi. Wanawake wanne wa ikulu wamesimama pamoja, wawili wametupa mgongo, juu kuna maandishi. Tumeitundika sebuleni mkabala na dirisha. Nyuso zina mabaka meupe: pajini, puani, kidevuni. Fundi wa mabango anataka kuyapaka rangi ya ngozi, kisha aibandike kwenye plaiwudi na kuitia kioo. Nimkubalie?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimkubalie, nakusihi. Mabaka hayo ni vipodozi vya wanawake wenyewe. Mchoraji Tang Yin wa Suzhou (1470–1524) aliwapaka warembo wake nyeupe sehemu hizo tatu hasa, uso upate mwanga. Fundi akizifunika, atakuwa ameufuta mwanga huo.

Kwa ulivyoieleza, yako ni nakala ya picha yake ya wanawake wa ikulu ya Shu, ufalme wa kale huko Uchina. Yenyewe iko Beijing, katika makumbusho ya kasri la wafalme. Wanawake hao wanamhudumia mfalme wa Shu, Wang Yan, aliyependa anasa hadi ufalme ukamponyoka mwaka 925. Maneno ya juu ni ya Tang Yin, anamlaumu mfalme huyo. Mimi hilo hunigusa kila mara: nguo zimenakshiwa maua, vichwa vimepambwa, na juu yao lawama.

Sogeza lenzi ya kukuzia karibu na nywele. Ukiona vidoto vya rangi vilivyojipanga, ni ya mashine. Ukiona mstari wa wino unanenepa na kukonda juu ya nyuzi, kuna mtu aliyeketi akaichora. Vyovyote iwavyo, ni zawadi ya baba yako, itunze.

Adui yako ni lile dirisha. Jua hufifisha rangi na kuikausha hariri mpaka ikatike. Wachina wenyewe hutundika picha hizi kwa muda tu, kisha huzikunja. Nawe fanya hivyo: pangusa vumbi kwa brashi laini, bila maji, izungushe taratibu kwenye kijiti cha chini, picha ikiwa ndani, usiikaze. Ivishe kitambaa cheupe cha pamba, uiweke kabatini mbali na moshi wa jikoni. Pasi isiiguse, wala supaglu. Wageni wakija, itoe, uitundike ukuta usiopigwa na jua.