Hoki ya barafuni: nyota hukaa benchi dakika 40

Maswali ya safari hii yote yanagusa jambo moja: katika hoki ya barafuni ya timu za taifa, ushindi unaletwa na majina makubwa au na kikosi kizima?

Kanada ina nyota wengi kuliko nchi yoyote. Mbona haichukui dhahabu kila mara? (Msomaji, Dodoma)

Anza na saa. Mechi ni dakika 60, vipindi 3 vya dakika 20. Mshambuliaji bora hucheza kama dakika 20. Beki wa kutegemewa anaweza kufika 25. Kwa hiyo nyota wa mbele yuko benchi dakika 40, na muda wote huo matokeo yako mikononi mwa watu ambao pengine hujawahi kuwasikia. Timu huvalisha wachezaji 20 na makipa 2, ingawa kwa wakati mmoja huwa barafuni watano na kipa tu. Hao 20 ni safu 4 za washambuliaji watatu watatu pamoja na jozi za mabeki. Kocha akijaza safu zote wafungaji, siku anayolinda goli moja huku mtu wake ametolewa kwa adhabu hatakuwa na wa kumtuma.

Olimpiki ya Nagano, 1998, ilikuwa ya kwanza kwa NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, kusimama ili wachezaji wake waende. Kanada ilikuwa na Wayne Gretzky, Eric Lindros, Ray Bourque, na Patrick Roy golini. Nusu fainali dhidi ya Wacheki iliisha 1-1, zikaja penalti 5 kila upande. Hakuna Mkanada aliyempita kipa Dominik Hašek. Robert Reichel akafunga moja, Kanada ikaaga. Gretzky hakupewa penalti hata moja, huku Bourque, ambaye ni beki, akipiga. Uamuzi huo unabishaniwa hadi leo. Kwetu sisi tatizo kubwa zaidi lilikuwa kupata goli 1 tu katika mechi nzima, na wafungaji wote wale.

Linganisha na Olimpiki ya Sochi, 2014. Kanada ilifungwa magoli 3 tu katika mechi 6. Nahodha Sidney Crosby alifunga goli 1 mashindano yote, nalo likaja kwenye fainali waliyoishinda Uswidi 3-0. Nyota walikuwepo, ila walikubali kukaba.

Kwa nini wanabadilishana kila mara? Mchezaji mzuri si aachwe tu? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo mechi nyingi hupotea. Zamu nzuri ni sekunde 40 hadi 45, kwa kasi yote. Baada ya hapo mapaja yanawaka moto, kasi inashuka, na mchezaji anaanza kutumia gongo pale ambapo miguu imeshindwa: anamvuta mpinzani au anamtega, filimbi inalia, anakaa nje dakika 2. Nyota ndiye anayeshawishika zaidi kuzidisha zamu, kwa sababu anaamini shambulio linalofuata ni lake.

Kipindi cha pili ni hatari zaidi. Timu zimebadilishana pande za uwanja lakini mabenchi yamebaki palepale, hivyo benchi lako sasa liko mbali na goli lako. Sekunde ya 55 nyota anajaribu chenga ya mwisho kwenye mstari wa buluu wa wapinzani (unapoanzia eneo lao), anapokonywa paki (kile kisahani cheusi cha mpira, gramu 156 hadi 170). Wenzake wawili walishageukia benchi. Inabidi warudi mbio, miguu haina kitu. Wakiitupa paki kutoka nusu yao hadi ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani, mwamuzi anarudisha mchezo karibu na goli lao, na sheria hairuhusu timu iliyoitupa kubadilisha watu. Waliochoka walewale wanakabiliana na watano wapya.

Dawa yake inajulikana. Paki isukumwe ndani kabisa ya eneo la wapinzani kwanza, ndipo watu watoke. Anayeingia asubiri anayetoka awe ndani ya mita 1.5 kutoka benchi; akiwahi, ni adhabu ya watu kuzidi, dakika 2 nyingine.

Marekani kuwafunga Wasovieti 1980 si ushahidi kwamba timu huwashinda nyota? (Msomaji, Kampala)

Si kwa namna inavyosimuliwa. Wasovieti ndio waliokuwa timu iliyozoeana kuliko zote duniani. Walifanya mazoezi pamoja karibu mwaka mzima na kupasiana bila kutazamana. Siku chache kabla ya Olimpiki ya Lake Placid waliifunga Marekani 10-3 huko New York. Vijana wa vyuo wa kocha Herb Brooks walipowashinda 4-3 tarehe 22 Februari, walipigiwa mashuti 39, wao wakapiga 16. Waliokolewa na kipa Jim Craig, na zamu fupi zilizowabakishia miguu kipindi cha tatu, walipofunga magoli 2. Na kocha Viktor Tikhonov alikuwa amemtoa kipa wake Vladislav Tretiak baada ya kipindi cha kwanza, matokeo yakiwa 2-2. Timu ile ilimhitaji nyota wake, naye alikuwa benchi.

Ufini hushindaje bila majina makubwa? (Msomaji, Arusha)

Tazama ubingwa wa dunia wa 2019 nchini Slovakia. Kikosi cha kocha Jukka Jalonen kilitoka zaidi ligi za Ulaya. Nusu fainali kilikutana na Urusi yenye Alexander Ovechkin, Evgeni Malkin na Nikita Kucherov, kikashinda 1-0. Fainali kikaifunga Kanada 3-1. Nahodha Marko Anttila, mwenye urefu unaozidi mita 2, alifunga lile goli dhidi ya Urusi na mengine 2 kwenye fainali.

Siri ni nafasi. Watano husogea pamoja, pengo kati ya wa mbele na wa nyuma haliachwi lipanuke. Katikati panafungwa, mpinzani anasukumwa ukutani, na shuti analolipata linatoka pembeni, kipa akiliona vizuri. Safu ya nne inacheza hivyohivyo, ndiyo maana kocha haogopi kuipa zamu.

Kuna nyota anayeweza kuibeba timu peke yake?

Kipa, kwa kuwa ndiye anayecheza dakika zote 60. Latvia ilipata medali yake ya kwanza, shaba ya dunia ya 2023, kwa kuifunga Marekani 4-3 katika muda wa nyongeza. Kipa wake Artūrs Šilovs akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Sisi Nairobi tuko wachache na uwanja ni mdogo. Tumtegemee hodari wetu?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Watu wakipungua, nafasi huongezeka na mwenye chenga hufaidika: Crosby alifunga goli la dhahabu katika Olimpiki ya Vancouver, 2010, timu zikicheza wanne kwa wanne. Uwanja wa Panari, inakofanyia mazoezi timu ya Kenya Ice Lions, ni mdogo kuliko ule wa kimataifa wa mita 60 kwa 26 hadi 30, hivyo paki moja iliyopotea iko golini kwenu mara moja.

Wawili walio bora wasiwekwe safu moja. Mpeni kila mmoja safu yake. Kisha mtu mmoja ashike saa na apulize filimbi kila sekunde 40: mwenye paki aisukume ndani kabisa, wote watoke, na goli lolote la baada ya filimbi lisihesabiwe. Kenya ikiingia kwenye mechi za kimataifa, maana nchi ni mwanachama wa shirikisho la dunia tangu 2024, muwe mmeshazoea zamu hizo.